"Betri Imekwisha": Uhakiki wa Maneno ya Umeme wa Jua katika Shinyanga na Geita

Istilahi ya ufundi haipimwi siku chombo kinaponunuliwa. Hupimwa siku chombo kinapokataa kufanya kazi. Dukani mnunuzi na muuzaji huelewana kwa kidole: "Nipe ile," na ile hutolewa. Lakini usiku, taa zimezimika, fundi yuko mbali na mwenye nyumba amebaki na simu tu, kidole hakina msaada. Hapo neno ndilo litakalobeba habari kutoka kwenye betri hadi kwa fundi, nalo likiwa na maana mbili, fundi ataleta dawa ya ugonjwa usiokuwapo.

Makala haya yanakusudia kuhakiki maneno ya umeme wa jua, hasa yale yanayotajwa wakati wa kutafuta hitilafu, kwa kuangalia hali ya mikoa ya Shinyanga na Geita. Hatuulizi kwanza kama neno limo kamusini. Twauliza kama neno lamwezesha mtumiaji kutenganisha mambo ambayo, yasipotenganishwa, humtia hasara au hatarini.

1. Mahali na haja yake

Mkoa wa Geita uliundwa mwaka 2012 kwa kumega mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera, na ukanda wake wa dhahabu waendelea hadi Kahama. Migodi mikubwa ya huko, kama ule wa Geita ulioanza uzalishaji mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu ulioanza mwaka 2001, ina umeme na mafundi wake. Pembeni wapo wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Lwamgasa, Mgusu na Mwakitolyo, na wengi wao huishi maisha ya kuhama. Habari ya mwamba mpya ikisikika, kambi ya miti na maturubai huota porini. Mwamba ukikatika, kambi hung'olewa. Nguzo za umeme zimefika vijiji vingi tangu Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007, lakini nguzo haiwezi kuifuata kambi inayohama, na kijiji kufikiwa si sawa na kila kaya kufikiwa. Ndipo paneli na betri zikasafiri juu ya pikipiki pamoja na godoro na sufuria.

Hali hii yafanana na ya dereva wa lori alalaye garini, au ya wale watu wa Ulaya na Marekani wasafirio katika magari yaliyojengwa kama nyumba. Nyumba yahama na umeme wake, na kila safari yaweza kulegeza skrubu fulani. Kwa hiyo hitilafu si jambo la ajabu kwa mwenye mtambo wa namna hii. Ni sehemu ya matumizi yake, na maneno ya kuitaja ni ya lazima kama bisibisi.

Wala wenyeji wa ukanda huu si wageni wa kuunda maneno. "Duara" limekuwa jina la shimo la mchimbaji. "Karasha" ni mashine ya kusagia mawe. Na "mwalo," ambao ziwani ni mahali pa kutia mitumbwi, machimboni umekuwa mahali pa kuchenjulia dhahabu. Wasukuma nao wana "ngitili," yaani eneo la malisho lililofungwa ili nyasi ziote na kutunzwa kwa ajili ya kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986, wataalamu wa misitu walilikuta neno hilo, wakalitumia, nalo sasa limo katika maandishi ya Kiswahili bila kuhitaji tafsiri. Lilipokewa kwa sababu lilitaja kitu kimoja waziwazi. Kipimo hichohicho tutakitumia hapa.

2. "Sola" moja, vitu vingi

Neno la kwanza ni "sola." Limeenea kupita yote, na hakuna atakayeweza kuliondoa. Lakini tazama kazi linazobebeshwa. Sola ni bamba lililo juu ya paa. Sola ni mtambo mzima. Sola ni taa inayowaka kwa mtambo huo. Sola ni aina ya betri dukani. Mtu anaposema "sola yangu imeharibika," amesema tu kwamba hana umeme.

Mtambo wenyewe una viungo vichache vinavyofuatana: paneli inayopokea mwanga, kidhibiti chaji, betri, fyuzi, inveta kama ipo, kisha nyaya na vyombo. Kutafuta hitilafu ni kuufuata mfuatano huo na kuuliza katika kila kiungo kama umeme umeingia na kama umetoka. Utaratibu huo hauwezekani iwapo viungo vitatu vina jina moja. Baadhi ya waandishi wamependekeza "umemejua." Neno hilo ni zuri kwa kutaja aina ya umeme, lakini halisaidii hapa, kwa kuwa nalo lataja jumla. Tunachohitaji ni jina la sehemu. "Paneli" lajulikana na latosha kwa bamba. "Mtambo wa sola" latosha kwa vyote pamoja. "Sola" peke yake liachwe kwa mazungumzo ya kawaida, na lisiandikwe katika maelezo ya matumizi.

3. "Nguvu" na "moto"

Maneno mawili mengine ni ya zamani kuliko sola: "nguvu" na "moto." Waya wenye umeme huitwa waya wa moto, na umeme ukikosekana twasikia kwamba hakuna moto. Kwa fundi wa nyumba iliyounganishwa na gridi, matumizi haya hayana madhara makubwa, maana huko swali la kwanza huwa ni kama umeme upo au haupo. Katika mtambo wa betri umeme waweza kuwapo na usitoshe, na kutotosha kuna namna nne.

Mtu akisema "nguvu ni ndogo," huenda ana maana kwamba betri imeshuka. Huenda paneli imejaa vumbi la kiangazi, au kivuli cha mti kimeiangukia, hata mkondo uingiao ukawa haba. Huenda inveta ni ndogo kuliko pasi iliyochomekwa. Au huenda kila kitu ni kizima, ila akiba ya jana imekwisha kutumika kwa redio na televisheni. Namna nne, tiba nne, neno moja.

Tiba ya lugha ipo karibu. Kila kipimo kitajwe kwa kizio chake: volti zimeshuka; ampea haziingii; wati hazitoshi; uniti zimekwisha. Sentensi hizi nne ni fupi, mtoto wa shule aweza kuzisema kwa simu, na kila moja yampeleka fundi mahali tofauti.

Neno "uniti" lastahili kutazamwa zaidi. Mfumo wa LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, umewafundisha Watanzania kununua umeme kwa uniti, na uniti moja ni wati 1,000 zilizotumika kwa saa moja. Hili ni somo la fizikia lililoingia majumbani bila mwalimu. Lakini betri huuzwa kwa ampea-saa, na mnunuzi hajui kulinganisha. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, yaani uniti 1.2. Na kwa kuwa betri ya risasi na tindikali hudumu zaidi isipotumiwa kupita nusu yake, mwenye nyumba ana kama uniti 0.6 za kutumia kwa usiku mmoja. Laiti hesabu hiyo ingeandikwa ubavuni mwa betri kwa Kiswahili, wengi wasingedhani kwamba wameibiwa.

Udhaifu wa neno "nguvu" waonekana vizuri zaidi katika waya. Tuseme vyombo vya wati 100 vimewekwa mita 10 kutoka kwenye betri ya volti 12. Mkondo utakuwa ampea 8 na kidogo. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, kwenda na kurudi, utapoteza volti zipatazo 2. Wa milimita mraba 6 utapoteza kama nusu volti tu. Betri yenye volti 12.4 itafikisha volti 10.4 mwishoni mwa waya mwembamba, na inveta iliyofungwa huko yaweza kujizima kwa kudhani kwamba betri imekauka. Mwenye nyumba atasema, "Betri haina nguvu," na atanunua nyingine, nayo itafanya vilevile. Kumbe kilichotakiwa ni kusema, "Volti zinapotea njiani."

4. "Imekwisha"

Tumefika kwenye neno lililoyapa makala haya jina. "Betri imekwisha" ni Kiswahili fasaha, na hapo ndipo penye hatari yake, maana hakuna anayelitilia shaka. Lataja betri iliyoishiwa chaji leo jioni, ambayo kesho jua likiwaka itajaa. Lataja pia betri iliyofikia mwisho wa maisha yake. Ya kwanza yahitaji subira ya siku moja. Ya pili yahitaji fedha ambazo mchimbaji labda alikusudia kununulia chakula cha mwezi. Kosa laweza kwenda upande wa pili pia: betri iliyochoka kabisa husubiriwa wiki nzima eti jua halijatosha.

Twaona kwamba hali za betri zinazohitaji majina ni nne. Ya kwanza ni betri "iliyoishiwa": ni nzima, ila haina chaji. Ya pili ni betri "iliyochakaa": yajaa upesi, yaisha upesi, kwa kuwa uwezo wake wa kuweka akiba umepungua. Ya tatu ni betri "iliyokufa seli." Betri ya volti 12 ya risasi na tindikali ina seli sita, kila moja ya volti 2 na zaidi kidogo, seli moja ikifa, betri iliyochajiwa siku nzima hubaki karibu na volti 10.5. Ya nne ni ya betri mpya za lithiamu, ambazo ndani yake mna kilinzi cha elektroni. Betri hiyo ikishuka kupita kiasi, kilinzi hukata mawasiliano yote na mita husoma sifuri au karibu yake. Mtumiaji huiita imekufa, huitupa. Kwa kweli "imejifunga," na mara nyingi chaja inayofaa huifungua tena.

Kuzitambua hali hizi si kazi ya mtaalamu pekee. Betri ya risasi na tindikali ichajiwe ijae, iachwe saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika, kisha ipimwe. Ikisoma volti 12.6 au 12.7, imejaa. Iwashiwe taa, ikianguka upesi, imechakaa. Ikiwa haikupanda kupita 10.5, imekufa seli. Ikiwa ilikuwa 11.8 jana na leo ni 12.7 na inashikilia, ilikuwa imeishiwa tu. Kwa betri ya lithiamu kipimo hiki hakifai sana, kwa sababu volti zake hubadilika kidogo mno kati ya kujaa na kukaribia kuisha. Kwa hiyo hata amri ya "pima volti" haikamiliki mpaka aina ya betri itajwe.

5. "Maji ya betri"

Hapa uhakiki wagusa mwili wa mtu. "Maji ya betri" laweza kueleweka kuwa maji yaliyokenekwa, yanayoongezwa seli zinapopungukiwa, na laweza kueleweka kuwa tindikali inayotiwa betri inapoanza kutumika. Vitu hivi viwili vyatofautiana kabisa. Betri inapochajiwa, maji hupungua kwa kugeuka kuwa gesi za haidrojeni na oksijeni, bali tindikali hubaki. Anayeongeza tindikali mahali pa maji huzidisha ukali ndani ya seli na kuziharibu mapema. Na anayedhani kwamba chupa ya tindikali ni maji tu kwa kuwa imeitwa maji, hujitia katika hatari ya kuungua macho na ngozi.

Neno "tindikali" limekwisha kusanifiwa na linajulikana hata kwa asiyesoma, kwa sababu limetajwa katika habari nyingi za watu waliodhuriwa. Basi litumike. Chupa moja iandikwe "tindikali ya betri," nyingine iandikwe "maji safi ya kuongeza kwenye betri." Jina la pili ni refu, lakini urefu wake ni nafuu kuliko jicho. "Maji ya betri" lisiandikwe kwenye chupa yoyote.

6. "Shoti" na "hitilafu ya umeme"

"Shoti" limepokewa mahali pote, nasi hatuna ugomvi na asili yake. Ugomvi ni juu ya mipaka yake. Mtu akiguswa na waya, twasema amepigwa shoti. Nyaya mbili zikigusana na kutoa cheche, ni shoti. Waya ukikatika na taa kuzimika, wako watakaosema kuna shoti. Vitu vitatu hivi havifanani: wa kwanza ni umeme kupita mwilini, wa pili ni mkondo kupata njia fupi na kuwa mkubwa kupita kiasi, wa tatu ni mkondo kukosa njia kabisa.

Dhidi ya neno hili la mtaani limesimama neno la ofisini: "hitilafu ya umeme." Nyumba ikiungua, taarifa husema chanzo ni hitilafu ya umeme, na msomaji huridhika. Lakini hitilafu ni jina la jamii nzima, kama vile "ugonjwa." Tabibu akiandika kwamba mgonjwa alikufa kwa ugonjwa, hatutamsifu kwa usanifu wa lugha yake. Kiswahili kinayo maneno ya kutosha: kiungo kimelegea, waya umekatika, umeme unavuja, nyaya zimegusana, fyuzi haikuwekwa. Kila moja ya sentensi hizi ni fundisho kwa jirani aliyebaki na nyumba yake.

Kiungo kilicholegea ndicho cha kuangaliwa kwanza katika mtambo unaohamahama. Skrubu ikilegea kwenye nguzo ya betri, joto huzaliwa hapo penye upenyo, na plastiki huanza kuyeyuka. Tena umeme wa betri ni wa mkondo mnyoofu. Mkondo geu wa TANESCO hufika sifuri mara 100 kila sekunde, na hilo husaidia cheche kuzimika. Mkondo mnyoofu haufiki sifuri, kwa hiyo cheche yake hushikilia. Ndiyo sababu swichi na fyuzi zifae aina ya mkondo. Mtu aliyefundishwa neno moja tu, "umeme," hawezi kujua kwamba swichi ya nyumba ya gridi huenda isifae hapa.

7. Kukopa na kuunda

Watakuwapo watakaosema kwamba tumekubali maneno mengi ya kigeni: volti, ampea, wati, fyuzi, inveta. Baraza, lililoundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, limezoea kutafuta istilahi kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho katika lugha za kigeni. Hatuupingi utaratibu huo. Twasema tu kwamba vizio hivi ni majina ya watu, Volta wa Italia, Ampère wa Ufaransa na Watt wa Uskoti, na kila lugha imeyakopa. Kuyatafsiri ni sawa na kutafsiri jina la mgeni.

Kwa vyombo, kila neno lipimwe peke yake. "Kidhibiti chaji" limefaulu: mzizi wake wajulikana, kiambishi chake chaeleza kwamba ni chombo, na atakayelisikia mara ya kwanza atakisia kwamba kazi yake ni kuzuia betri isijazwe kupita kiasi. Lakini "kigeuzi," linalopendekezwa mahali pa inveta, halikufaulu. Chaja nayo yageuza. Transfoma nayo yageuza. Neno linalofaa vyombo vitatu halitufai wakati kimoja kati ya vitatu kimeungua. Inveta ibaki.

Kazi ya kuunda istilahi za sayansi ilikwisha kufanywa kwa bidii. TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Lakini orodha za namna hiyo hufuata mpangilio wa somo, ilhali fundi hufuata mpangilio wa hitilafu. Mwanafunzi huuliza, "Mkondo ni nini?" Fundi huuliza, "Kwa nini mkondo haufiki?" Orodha isiyojibu swali la pili itasifiwa chuoni na kuachwa karakanani.

8. Mapendekezo

Kwa hayo tuliyoyaeleza, twapendekeza:

(a) "Sola" lisitumike peke yake katika maelezo yaliyochapwa. Kila sehemu itajwe kwa jina lake.

(b) "Nguvu ndogo" liachwe, na mahali pake vitajwe volti, ampea, wati au uniti, kwa kadiri ya kilichopungua.

(c) Hali za betri zitenganishwe: imeishiwa, imechakaa, imekufa seli, imejifunga.

(d) Tindikali iitwe tindikali.

(e) "Shoti" libaki kwa nyaya zilizogusana. Aliyeguswa na waya "amepigwa na umeme". Na "hitilafu ya umeme" lisiandikwe bila kufuatwa na jina la hitilafu yenyewe.

(f) Orodha ya istilahi za ufundi, kabla ya kusanifiwa, ipelekwe kwa mafundi wa Kahama, Geita na kwingineko. Wapewe mitambo iliyoharibiwa makusudi, mmoja aeleze kwa simu na mwingine atambue ubovu bila kuuona. Neno litakalompoteza msikilizaji lirudishwe mezani.

Pendekezo hili la mwisho lina gharama ya muda, nasi twalijua hilo. Lakini gharama ya kutolifanya yalipwa kila siku na mtu ambaye hayumo katika kamati yoyote: mchimbaji aliyeuza gramu zake za dhahabu ili kununua betri ya pili, na ile ya kwanza, iliyotupwa nyuma ya turubai huku risasi yake ikisubiri kuingia udongoni, ilikuwa nzima.